Mstari Nilioupiga kwa Rula

Bwana Maingi alizikwa Kathiani siku ya Alhamisi, kwenye shamba lake la mteremko. Mvua ilikuwa imenyesha siku iliyotangulia, na viti vya plastiki vilididimia udongoni kila mtu alipokaa, hata kufikia wakati wa mahubiri sote tulikuwa tumeinama kidogo upande wa bondeni. Mzee wa kanisa alisoma wasifu wake: alikozaliwa, alikosoma, watoto na wajukuu, na kwamba ndiye aliyewafundisha wakulima wa milima hii kuhifadhi mabua ya mahindi ndani ya mifuko ili ng'ombe wapate kula wakati wa kiangazi. Hilo ni kweli, na watu waliitikia kwa vichwa. Mimi nilikuwa kwenye hema la pili, mwanamke anayekaribia miaka sitini, mwalimu wa baiolojia aliyestaafu, mwenye goti moja bovu. Niliposikia habari za mifuko niliinua macho, nikamwona Syombua kwenye hema la mkabala. Alikuwa amejifunga kitambaa cheusi kichwani na alikuwa akinitazama. Sijui alikuwa amenitazama kwa muda gani. Hatukuwa tumeonana tangu mwaka ule tulipofanya kazi pamoja kwa Bwana Maingi, mwaka ambao nimewasimulia wanafunzi wangu mara nyingi, kila mara nikiruka sehemu moja. Hapa nitaueleza wote.

Maabara yetu ilikuwa vyumba viwili vya mawe nyuma ya ghala la nafaka, nje kidogo ya mji wa Machakos. Chumba cha kwanza kilikuwa cha kazi: meza ndefu ya mbao iliyopakwa rangi ya kijivu, sinki ambalo mfereji wake ulitoa maji siku ulipotaka, beseni la umeme la kuweka maji yenye joto lisilopanda wala kushuka, na mashine ndogo ya mwanga iliyotupa sababu ya kuwa pale. Ukiweka ndani yake chupa ya maji yenye bakteria, mashine ilipitisha mwanga na kukuonyesha maji yamekuwa na ukungu kiasi gani. Ukungu ukizidi, bakteria wameongezeka. Chumba cha pili kilikuwa ofisi ya Bwana Maingi, na kati ya vyumba hivyo palikuwa na ukuta wa mbao nyembamba uliopitisha kila neno. Palinuka siki na vumbi la mahindi. Harufu hiyo ilikaa kwenye nywele, na mama aliyetupikia chakula cha mchana kwenye kibanda cha mabati ng'ambo ya barabara alikuwa akisema anatujua tukiwa bado mbali. Kwake tulikula muthokoi, mahindi yaliyokobolewa yakachemshwa na maharagwe, Jumatatu hadi Ijumaa. Syombua aliongeza pilipili hadi jasho likamtoka puani. Mimi nilikula bila kuonja, daftari likiwa kando ya sahani, kwa sababu nilitaka kwenda chuo kikuu na niliamini watu wanaokwenda chuo kikuu hula namna hiyo.

Tulikuwa wasaidizi wawili tu, wote wa umri mmoja, wote tumetoka shule na alama nzuri za sayansi. Bwana Maingi alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Mpango wake ulikuwa rahisi kuueleza. Ukame wa mwaka uliopita ulikuwa umeua ng'ombe wengi, huku mabua ya mahindi yakiwa yamechomwa shambani baada ya mavuno. Alitaka mabua yakatwekatwe, yashindiliwe kwenye mifuko ya nailoni, yatiwe bakteria wazuri wanaogeuza sukari kuwa asidi, yafungwe yasipate hewa. Asidi ikitosha, mabua hukaa miezi bila kuoza. Wakulima huita chakula hicho saileji. Bakteria wale tulikuwa tumewapata kutoka chuo kimoja Nairobi na walikuwa na sifa ya pekee: waliweza kula glukosi, sukari nyepesi iliyomo kwenye matunda, na pia waliweza kula zailosi, sukari inayopatikana kwenye mabua na magunzi, ambayo wenzao wengi hawaiwezi. Bwana Maingi aliwaza kuwa tukiongeza maembe kidogo yaliyopondwa kwenye mabua, yale ambayo wauzaji wa Matuu huyatupa kwa sababu yamepasuka, bakteria wangepata nguvu ya kuanza, kisha wangeendelea moja kwa moja na sukari ya mabua. Moja kwa moja. Maneno hayo niliyasikia kupitia ule ukuta wa mbao karibu kila wiki, akiwaambia kwa simu wafadhili wetu wa Nairobi. "Hakuna kusimama," alikuwa akisema. "Inapanda tu, moja kwa moja. Mnipe mpaka mvua zianze."

Ili kuthibitisha hilo tulipaswa kuwapa bakteria sukari zote mbili kwenye chupa moja na kupima ukungu kila robo saa, tangu saa moja asubuhi hadi jioni. Tulipokezana zamu. Siku ninayoisema ilikuwa Jumatano, na zamu ya adhuhuri, kuanzia saa tano na nusu hadi saa nane, ilikuwa ya Syombua. Kama saa tano alinijia karibu na sinki.

"Nishikie zamu yangu," aliniambia. "Niko na mahali naenda. Nitarudi kabla ya saa nane."

"Mahali wapi?"

"Hapa tu mjini. Usimwambie."

Sikuuliza zaidi. Alikuwa ameomba hivyo mara mbili wiki iliyotangulia, na nilidhani kuna mwanamume. Alivua koti lake jeupe, akalitundika, akatoka kwa mlango wa nyuma. Bwana Maingi alikuwa ofisini akiandika ripoti. Nilikaa kwenye stuli nikapima. Tangu asubuhi ukungu ulikuwa umepanda vizuri, kila kipimo kikizidi kilichotangulia, nami nilitarajia hivyo hivyo. Saa sita kamili ulikuwa umefika nukta nne mbili. Robo saa baadaye ulikuwa nukta nne mbili. Saa sita na nusu, nukta nne mbili. Niliifuta chupa kwa kitambaa nikapima tena. Niliangalia joto la maji, lilikuwa sawa. Nilizima mashine, nikaiwasha, nikapima maji matupu, ikasoma sifuri kama ilivyopaswa. Nikarudisha chupa: nukta nne mbili. Nakumbuka hofu iliyonishika, hofu ya mtu anayeona saa imesimama akadhani ni yeye aliyeivunja. Kwa muda wa saa moja na nusu bakteria wale hawakuongezeka hata kidogo. Halafu, saa nane ikikaribia, namba ikasogea, nukta nne tatu, kisha nne sita, na wakaanza kupanda tena, polepole kuliko asubuhi. Niliandika kila kipimo kama nilivyokiona. Syombua alirudi, macho yake mekundu, akashika kalamu akatia herufi za jina lake kando ya zamu yake bila kusoma nilichoandika. Sikumweleza. Nilifikiri tungeongea siku nyingine.

Kesho yake asubuhi Bwana Maingi alituita ofisini. Alikuwa amehamisha vipimo vyote kwenye karatasi ya grafu, na mstari ulikuwa kama ngazi: umepanda, ukalala, ukapanda. Ule mlalo ulianza saa sita ukaisha karibu saa nane. Aliweka kidole juu yake.

"Zamu hii ni ya nani?" aliuliza, ingawa daftari la vipimo lilikuwa wazi kando ya grafu na herufi za jina zilikuwa hapo.

"Ni yangu," Syombua alisema.

"Wadudu hawaendi lanchi, Syombua." Ndivyo alivyowaita bakteria. Aliongea kwa sauti ya chini, kama mtu anayeona haya kwa niaba ya mwingine. "Sasa kama ulienda kula ukarudi ukaandika namba moja mara saba, niambie tu. Mtu huona njaa."

Syombua hakunigeukia. Alitazama lile daftari kisha akatazama dirisha, na mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Kilichohitajika ni maneno machache: ni mimi niliyepima, namba ni za kweli. Lakini ningesema hivyo ningesema pia kwamba hakuwepo, na kwamba nilimfichia. Nilijiambia kuwa nanyamaza kwa ajili yake. Ukweli mwingine ni kwamba barua ya kunipendekeza chuo kikuu ilikuwa juu ya meza ile ile, nusu imeandikwa, na niliweza kusoma jina langu likiwa limepinduka. Bwana Maingi alisubiri. Alituambia turudi kazini na kwamba angempa Syombua hadi mwisho wa wiki amweleze. Siku hiyo na iliyofuata Syombua alikaa kwenye benchi lililokuwa mlangoni kila tulipopumzika, mikono mapajani, wala hakwenda kula. Nilimpelekea muthokoi kwenye sahani iliyofunikwa. Alishukuru. Hatukuzungumza juu ya jambo lile. Ijumaa alasiri aliingia ofisini, na kupitia ukuta wa mbao nilimsikia akisema, "Sina maelezo," na Bwana Maingi akisema, "Basi siwezi." Alitoka na mkoba wake, akaniambia kwaheri kwa jina langu, akaenda.

Wiki iliyofuata niliambiwa nirudie jaribio peke yangu. Nilirudia. Ukungu ulipanda hadi saa sita, ukasimama, ukasimama zaidi, ukaendelea saa nane. Nilikuwa macho wakati wote na sikuondoka kwenye stuli. Jioni nilichora grafu, na mlalo ulikuwa pale pale. Mtu anayesoma haya atauliza kwa nini sikufurahi, maana sasa nilikuwa na ushahidi wa kumwokoa mwenzangu. Nimejiuliza pia. Nadhani nilikuwa nimeshajua tangu mwanzo kwamba namba ni za kweli, kwa hiyo ushahidi haukuniongezea chochote isipokuwa aibu: nikiutoa sasa, ningeulizwa kwa nini sikusema wakati mwenzangu yupo. Nilichukua rula na raba. Nilifuta nukta saba na kuzipanga upya ili mstari upande bila kusimama. Kazi hiyo ilichukua muda mfupi kuliko kuosha chupa. Bwana Maingi aliitazama grafu akatabasamu, akaibeba ofisini, na baada ya muda nikasikia sauti yake kwenye simu. "Moja kwa moja," alisema.

Kwa sababu mstari ulipanda moja kwa moja, maagizo kwa wakulima yalitoka mafupi. Mifuko ingefungwa ikiwa na maembe kidogo, na ingefunguliwa baada ya wiki tatu. Tuliigawa kwa familia chache za Kathiani, na kiangazi kilipoanza kukaza Bwana Maingi alinituma nikaone matokeo. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Mama Ndinda, mjane mwenye ng'ombe mmoja. Alikuwa ameshafungua mfuko siku kadhaa. Sikuhitaji kuinama kunusa. Saileji nzuri ina harufu ya siki na matunda. Hii ilinuka kama samli iliyoharibika, na juu yake palikuwa na ukungu wa bluu. Ng'ombe alikuwa amesimama kivulini na mbavu zake zinahesabika.

"Alikula siku mbili," Mama Ndinda aliniambia. "Siku ya tatu akatupa ndama. Ilikuwa imebaki miezi miwili tu azae."

"Pole sana, mwaitu," nilisema. Ndivyo tunavyomwita mwanamke wa umri wa mama zetu.

"Mlisema wiki tatu. Mimi nilihesabu vizuri. Nilifungua siku hiyo hiyo." Aliongea bila hasira, kama mtu anayetaka kuhakikisha kosa halikuwa lake. "Au nilikosea kufunga? Kamba ilikuwa nzuri."

"Hukukosea," nilisema.

Alinikaribisha ndani akanipa chai ya rangi, maana maziwa hayakuwepo, na viazi vitamu vya kuchemsha. Nilikula. Sikuwa na njia ya kukataa. Kwenye ukuta kulikuwa na kalenda ya kanisa, na kila siku ya zile wiki tatu ilikuwa imetiwa alama ya kalamu. Hatukuweza kuthibitisha kwamba ni mabua yale yaliyomfanya ng'ombe atupe ndama, na daktari wa mifugo alisema yawezekana, yawezekana pia si hayo. Nimeyashika maneno hayo miaka yote hii, lakini hayajanisaidia sana.

Siku mbili baadaye niliomba ruhusa nikaenda Nairobi, kwenye maktaba ya kile chuo kilichotupa bakteria. Niliomba vitabu vya jinsi viumbe hao wanavyokula. Jibu lilikuwa kwenye kitabu ambacho karatasi zake zilikuwa zimegeuka rangi ya majani makavu. Watu walikuwa wamelijua kabla sijazaliwa. Bakteria akiwekewa sukari mbili, hazili zote mbili kwa pamoja. Huanza na ile nyepesi, na maadamu hiyo ipo, milango ya kuingizia ile nyingine imefungwa, na vifaa vya kuivunja havijatengenezwa, kwa kuwa kuvitengeneza ni gharama. Glukosi inapoisha, bakteria hujikuta amezungukwa na chakula asichoweza kukila. Husimama. Hujenga milango, hujenga vifaa, kisha huanza upya. Kwenye chupa yetu safi kimya hicho kilichukua saa moja na nusu. Ndani ya mfuko, kwenye baridi ya milimani na kati ya mabua yasiyoachia sukari yake haraka, huchukua siku nyingi, asidi ikiwa bado haijatosha, na viumbe waozeshaji wakiwa humo humo wanangoja nafasi. Maembe yetu machache hayakuwa nguvu ya kuanzia. Yalikuwa yamewafundisha bakteria kuyapuuza mabua. Nilinakili kurasa mbili kwa mkono, kwa mwandiko mdogo, na nilipofika mahali pa grafu nilichora ile ngazi kwa uangalifu, maana ilikuwa yetu kabisa.

Nilimwambia Bwana Maingi asubuhi iliyofuata. Nilimwonyesha kurasa, kisha nikamwambia kuwa grafu yangu nilikuwa nimeibadilisha. Alivua miwani akaishika kwa uzi wake. Nilitegemea akasirike, na labda ingekuwa rahisi zaidi.

"Nilitaka mno kuiona imenyooka," alisema mwishowe. "Ulijua nataka hivyo."

"Nilijua."

"Kumbe yule msichana aliandika ukweli."

Hapo palikuwa na mlango mwingine umefunguliwa mbele yangu, na niliupita bila kuingia. Nilisema, "Ndiyo, ulikuwa ukweli," bila kusema ni mkono wa nani ulioandika. Aliniagiza nimtafute Syombua arudi kazini. Yeye mwenyewe alipanda Kathiani nyumba kwa nyumba akaomba radhi, akajilaumu peke yake bila kunitaja, na msimu uliofuata alibadilisha maagizo: molasi ya kutosha, ile sukari nzito nyeusi ya viwandani, ili asidi ipatikane mapema, kwa wanaoweza kuipata, au mabua matupu na miezi miwili ya kungoja. Mifuko ile ilikaa vizuri. Ndiyo iliyosifiwa siku ya mazishi, na ilistahili. Mama Ndinda hakutaka tena mfuko wowote. Barua yangu aliimaliza kuiandika na kuitia sahihi. Mimi nilienda chumba alichokuwa amepanga Syombua mjini, jirani akaniambia amehamia Matuu. Matuu si mbali. Sikwenda.

Chuo kikuu nilisoma viumbe hivyo hivyo, na nilipokuwa mwalimu, kila mwaka nilichora ile ngazi ubaoni. Nilikuwa na namna yangu ya kuwachekesha wanafunzi: niliwaambia kuwa bosi wangu alisema wadudu hawaendi lanchi, na kumbe walikuwa wamekwenda. Walicheka. Kwenye simulizi hiyo mtu aliyepima hakuwa na jina, na aliyefukuzwa hakuwemo. Kwa muda mrefu niliuona mwaka ule kama mwaka niliopata fani yangu, na hilo si uongo. Ni kweli iliyochaguliwa kwa sababu ilikuwa nyepesi kuichukua.

Baada ya maombi ya mwisho, vijana walipokuwa wakifukia kaburi, Syombua alivuka uwanja akaja kuketi kwenye kiti kilichokuwa wazi kando yangu. Alinisalimia kwa mkono. Alinieleza kuwa aliuza matunda Matuu kwa miaka mingi, akajenga, akasomesha watoto, na sasa ana mbuzi wa maziwa. Nilimwambia habari za ualimu.

"Zile siku ulizokuwa unatoka," nilimwambia, "ulikuwa unaenda wapi?"

"Hospitali. Mama yangu alikuwa amelazwa. Mkono mmoja ulikuwa haufanyi kazi, na hakukuwa na mtu wa kumlisha saa ya mchana." Alisema hivyo kama mtu anayenieleza bei ya ndizi. "Alikufa mwaka huo huo, mwezi wa kumi."

"Hukuniambia."

"Hukuniuliza tena."

Nikamwambia yote niliyoyaandika hapa, kwa mpangilio huu huu: zile namba, rula, Mama Ndinda, kitabu, mlango nilioupita mara ya pili. Nilimwambia kwamba vipimo vya zamu yake vilikuwa sahihi, kila kimoja.

"Najua," alisema.

"Ulijua lini?"

"Siku ile tu, ofisini mbele ya mzee. Niliona mwandiko wako kwenye daftari. Wewe ulikuwa unapima hata chumvi mara mbili. Nilijua huwezi kuandika kitu hukuona." Alikunja kitambaa chake cha mkononi mara mbili, akakiweka mapajani. "Kwa hivyo mimi sikuwa na wasiwasi na namba. Nilinyamaza nikijua wewe utasema."

Nilimwomba msamaha. Nilitumia maneno mengi kuliko yaliyohitajika, na alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, macho yake yakiwa kaburini, ambako udongo ulikuwa umeanza kupanda juu ya usawa wa ardhi.

"Nilikungoja mpaka Ijumaa," alisema. "Halafu nikaenda kumlisha mama."